Kisusio cha Haika

Tangu nyama ipigwe marufuku, presha ya Aikande ilishuka na sukari ya mumewe ikatulia, naye hakuwahi kulikana hilo. Lakini binti yake Haika alijifungua juzi, damu ikamwisha hadi midomo ikawa myeupe, na vidonge vya zahanati akavitapika vyote. Waliotunga sheria hawakumuuliza mzazi hata mmoja. Basi Aikande akachinja mbuzi aliyemficha, akampikia kisusio, ile supu ya damu wanayopewa wazazi Uchagani.

Askari wa lishe wakanusa mvuke, wakavunja mlango. Rungu la kwanza lilimvunja Aikande mkono.

“Mama, sheria unaijua,” alisema mkubwa wao, Elirehema.

“Naijua, na wewe nakujua. Mama yako alipokuzaa alikuwa hoi hivihivi. Nilimnywesha kisusio kwa kijiko, ndiyo maana leo una nguvu za kunipiga.”

Wenzake wakacheka. Elirehema akaipiga sufuria teke.

Haika akateremka kitandani, akapiga magoti, akaanza kuiteka supu sakafuni kwa viganja. Rungu la Elirehema likamshukia mgongoni, akameza. Likashuka tena, akameza tena.

“Kunywa, mwanangu,” Aikande alimwambia, mkono ukining’inia. “Usimtazame.”