Zawadi Yenye Kelele

Kelele za chura humzuia ng'ombe kunywa maji. Asiyeamini na amuulize kulungu.

“Fyatua tena,” alisema Verna Stroud, akafumba macho.

Garrett, muuzaji wa duka la zana za mawindo, akafyatua. Ulikuwa upinde wa kitako, ule unaoshikwa kama bunduki, na mshale wake ulizama katika gunia la shabaha bila hata kumshtua paka wa duka.

“Huo bubu,” alisema Verna. “Lete mwingine.”

“Mama, ububu ndiyo sifa yake. Kulungu akisikia upote, huo uzi wa upinde, unalia, anaruka kabla mshale haujamfikia.”

“Akiruka anakwenda wapi?”

Garrett alitabasamu. Huko kusini mwa Ohio wanawake wengi walikuja kuwanunulia waume zao zawadi kabla ya msimu, na maswali yao alishayazoea.

“Anateremka bondeni, mama. Mwenye hofu hapandi mlima.”

“Kila mara?”

“Kila mara.”

“Lete mwingine.”

Walijaribu wa tatu, wa nne. Mwisho Garrett, kwa mzaha tu, akautoa nyuma ya mlango upinde uliokaa dukani misimu miwili bila kupata mchumba. Alipoufyatua, paka akapanda kabatini.

Verna akafumbua macho. “Huo huo.”

“Huu? Mama, huu mzito, mshale wake mvivu, na unalia kama mlango wa ghala! Mumeo, Mzee Delbert, atakuja kunivunjia duka.”

“Delbert masikio yamemchoka. Hata hatajua.”

Akaukagua mwenyewe. Aliingiza mguu kwenye kikanyagio, akauvuta upote kwa mikono miwili mpaka ukanasa, akaulegeza tena taratibu. Garrett alikuwa bado anatafuta maneno ya kujitolea kumsaidia.

“Ni kwa ajili ya Shemasi?” aliuliza.

Shemasi hakuhitaji kutajwa mara mbili pale dukani. Alikuwa kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alipenda kujitokeza Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Delbert alikuwa amemfukuzia misimu mitatu, na kanisa alishalisahau.

“Ameshamtengea ukuta,” Verna alisema. “Pale juu ya meko ya sebuleni. Ameishusha saa ya marehemu mama yangu, akaitupa chumba cha kufulia pamoja na vitu vingine vya mama. Nikasema saa irudi. Akasema, kwetu mwenye kuua ndiye mwenye ukuta.”

“Alisema hivyo?”

“Mbele ya watoto.”

Garrett akautazama ule upinde, akamtazama mama. Taratibu akili ikampambazukia. Akashusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mwingine ila paka.

“Mama, kwa upinde huu mzee atamkosa Shemasi.”

“Kazi yako unaijua, kijana.”

Akalipa. Akaongeza kipande cha nta ya kupaka upote.

“Huu mpya umeshapakwa, mama.”

“Najua.”

Garrett akaufunga upinde kwa karatasi ya zawadi, akaapa moyoni kwamba siri hii atakufa nayo. Akina mama wenye huruma namna ile, alijiambia, hawako wengi. Akamwombea Shemasi maisha marefu.

Jumapili ya kwanza ya msimu, mchana, pikapu ya akina Stroud ikasimama nje ya duka. Ilikuwa desturi: aliyeangusha mnyama mkubwa humleta hapo apimwe pembe, kisha picha yake na mwindaji hubandikwa ubaoni. Garrett akatoka na kamera na futi.

Nyuma ya pikapu alikuwa amelala Shemasi, ncha kumi zote.

Garrett akasikia moyo ukimshuka. Kumbe upinde mbaya kuliko yote dukani umetosha. Saa ya watu ndiyo imeshakuwa ya chumba cha kufulia milele. Hakuweza kumwangalia usoni Verna, aliyekuwa akishuka upande wa usukani, buti zake zimejaa matope.

Delbert alishuka upande wa pili, mikono mfukoni, amenuna.

“Wewe Garrett! Upinde gani ule ulioniuzia? Nilikuwa kwenye ulingo wangu kule mlimani, Shemasi yule pale, karibu kama wewe ulivyo sasa. Nikafyatua. Ukalia mpaka hata mimi nikausikia!”

“Pole, mzee. Lakini mambo si yamekwenda vizuri?” Garrett akainua kamera. “Haya, shika pembe. Cheka kidogo.”

Delbert hakutoa mikono mfukoni. “Mwambie mwenye mnyama ndiye acheke.”

Verna aliingiza mkono kwenye pikapu, akatoa upinde wa kitako wa zamani wa marehemu mama yake, mbao zake zimepauka, upote wake unang'aa kwa nta mpya. Akampa mumewe amshikie. Kisha akapiga goti, akakamata pembe mbili.

“Uliniambia unakwenda kanisani,” Delbert alisema.

“Nilikwambia nakwenda kumwona Shemasi.”

“Ukakaa bondeni, kimya, ukimsubiri, na mimi niko huko juu!”

“Kuna baridi huko bondeni. Sikuwa nimestarehe.”

Garrett akashusha kamera. “Mama, kichwa… kitakaa juu ya meko?”

“Chumba cha kufulia. Mwenye kuua ndiye mwenye ukuta.”

“Verna,” Delbert akasema, “mbele ya kijana huyu, angalau uniombe radhi.”

“Siombi. Piga picha, kijana.”