Donge la Majani

Nungunungu, mlinzi wa maghala, ndiye aliyemweleza Kindi kwanza habari ya kufuli la harufu. Kila mwenye ghala huchagua majani yake kwa siri, huyatwanga pamoja, kisha humwachia mlinzi donge. Akitaka kufunguliwa, hutwanga mengine ya aina zilezile kwake na kuleta donge bichi, naye mlinzi hunusa kama madonge yanafanana.

"Na mwizi akimega donge letu?" Kindi aliuliza.

"Atapata donge kavu tu, mwanangu, nami hudai bichi. Kutwanga ni rahisi. Nani atayarudisha majani mtini?"

Kweli, Mbweha mwizi alilimega, akalilamba mpaka ulimi ukafa ganzi, asijue ni majani gani. Kindi alimcheka: "Lamba, shemeji, labda litakutajia jina lake!"

Kisha mwewe akamnyakua mume wa Kindi, aliyechagua majani yao bila kumwambia mtu, na siri ikaenda naye. Ghala lilijaa karanga, watoto wakalia njaa. Kindi akapiga magoti mbele ya mlinzi.

"Unanijua, baba. Nifungulie."

"Nakujua, nami nakulilia. Lakini nikimfungulia anayelia, kesho Mbweha naye atajifunza kulia."

"Basi nitajie majani yenyewe!"

"Sikuonyeshwa, mwanangu. Nilichonacho ni donge."

Asubuhi yake Kindi aliwafunika watoto tunduni, akaingia msituni, kwenye majani yasiyohesabika. Akachuma aina mbili, akazitwanga, akanusa kama zinafanana na donge alilolinusa kwa mlinzi. Siyo. Akafuta machozi, akachuma nyingine.