Mikoko Katikati ya Mpunga

Nilikuta miche ya mikoko shambani kwangu, katikati ya mpunga niliodhani umekosa mbolea tu, imesimama mstari mmoja.

Mkoko huweza kujiotea, lakini haujipangi foleni.

Wifi yangu, mpanda mikoko, alikuwa kwenye tuta na ndoo tupu.

"Wifi, umepotea njia au umenikosea adabu?"

"Onja hayo matope."

Nikachovya kidole, nikakiramba. Chumvi.

"Maji ya bahari yameingia tangu msimu uliopita. Wote tunajua. Nani angethubutu kukwambia shamba limekufa, halioteshi tena ila mikoko?"

Mimi, ninayejua hadi nani kamnunia nani, habari ya shamba langu mwenyewe imenipita.

Nikaushika mche wa kwanza niung'oe. Badala yake vidole vikashindilia tope kwenye shina lake, na sijui nani aliviamuru.