Seva ya Bi Mwanakombo

Siku hizo kumbukumbu za wazee wa Tanga zilitunzwa kwenye seva za majumbani, na mzee aliyeshindwa kuwataja wanawe mbele ya mkaguzi alihamishiwa kituo cha kutunzia wazee. Asubuhi ile seva ya Bi Mwanakombo iliwekewa mfumo mpya. Mashine ikawaka, lakini mafaili ya kumbukumbu zake hayakufunguka.

"Binti, wewe ni wa nani?" Bi Mwanakombo alimuuliza mwanawe Sikitu, huku akimega chapati kwa raha zake.

Sikitu aliitazama saa. Mkaguzi angefika saa nne, na saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita. Akaizima seva, akaiwasha tena, wapi! Akasoma taarifa za mashine mstari kwa mstari mpaka akaliona kosa: programu ya kufungua mafaili ilikuwa inaamka kabla mtandao haujashika, ikikosa njia inajizima. Akaiagiza isubiri mtandao kwanza. Ikabaki kubonyeza tu.

Nyuma yake, mama alianza kuimba. Tangu kaka yake Sikitu, Hamduni, afariki, sauti hiyo haikuwa imesikika mle ndani. Kidole kikasita.

"Hodi wenyewe!" mkaguzi aliita mlangoni.

Sikitu akabonyeza.

Wimbo ukakatika. Bi Mwanakombo akaisukuma sahani kando.

"Bibi, una watoto wangapi?" mkaguzi aliuliza.

"Nilizaa wawili," alijibu, machozi yakimtiririka. "Hamduni amenitangulia. Nimebaki na Sikitu wangu huyu."

Mkaguzi akatabasamu, akaandika kwamba bibi hana tatizo lolote.