Mtu wa Hatua ya Tatu

Sheria ilimpa mgonjwa wa saratani ya mfupa mtu wa kukaa naye pale tu ugonjwa ulipofika hatua ya tatu. Mgonjwa mmoja, Sikudhani, alipewa Bi Zawena, aliyempikia uji na kumtania kutwa.

Jumatatu daktari alipiga simu, Sikudhani akaiweka kwenye spika. "Hongera, dada. Tulikosea kusoma picha. Mapafu yako safi, uvimbe haujatoka mfupani. Hiyo ni hatua ya kwanza; hata ile dawa kali ya saratani utaiacha."

Bi Zawena akaanza kukunja khanga zake. "Umepata nafuu, bibie, na bado umenuna?"

Sikudhani alitazama vikombe viwili mezani. "Daktari," alisema taratibu, "tangu juzi nakohoa."

"Basi tutakuacha hatua ya tatu, na dawa ile kali itaendelea."

Bi Zawena, aliyelala naye chumba kimoja, hakuwa amesikia kikohozi chochote. Aliikunjua khanga moja, akajifunga, akabandika uji.