Nguchiro Apima Siku za Ukaguzi

Palikuwa na Nguchiro, mkuu wa wachimbaji, aliyependa kupima. Aligundua kuwa kila pango likishachimbwa hukaa siku nne kabla ya Kakakuona, mkaguzi, kulipitisha.

"Mzee, unatuchelewesha. Au unalala humo?"

"Siku tatu nangoja udongo ukauke, mwanangu. Ya nne nagonga dari. Udongo mbichi hauonyeshi ufa."

"Nataka siku moja. Ukishindwa, Nungunungu yupo, atachukua kazi yako."

Kakakuona alikuwa na watoto wa kulisha. Akaanza kugonga dari mbichi, na mapango yote akayapitisha. Nguchiro akafurahi, akawahamishia wanawe katika pango jipya kuliko yote.

Siku ya nne dari ikawaangukia.

Nguchiro alifukua huku akilia. "Mzee, si ulilipitisha?"

"Nililipitisha," alijibu Kakakuona, akiendelea kufukua. "Kwa siku moja."