Chokaa ya Ngiri

Mhanga, mchimba mashimo ya kupangisha, alimpa Ngiri shimo lenye kuta nyeusi kwa masizi.

"Rangi ni juu ya mpangaji," alisema. "Na siku ya kuhama, uniachie kuta kama ulivyozikuta."

Ngiri alipaka chokaa kwa mkia wiki nzima, mpaka mkia ukabaki kijiti. Shimo likang'aa. Kesho yake Mhanga akaja na Nyegere, mwenye joho jeupe mgongoni.

"Ndugu yangu, shimo limepata mtu wa hadhi yake. Uhame leo."

Ngiri alichota masizi jikoni, akazisiliba kuta zote, akatoka.

"Nimeziacha kama nilivyozikuta."

Mhanga alichungulia ndani, kisha akamgeukia Nyegere bila kupepesa macho.

"Rangi ni juu ya mpangaji," alisema.